Nani alimaliza hopsi za Kent?

Ukipanda treni London kuelekea kusini mashariki, baada ya saa moja hivi uko ndani ya Kent, na huko utaona nyumba za matofali mekundu, nyingine za duara, zenye paa refu la pia na juu kabisa kofia nyeupe ya mbao. Leo wanaishi watu humo, tena wenye uwezo. Lakini hayo yalijengwa yawe mabani ya kukaushia hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu, na ile kofia nyeupe iligeuka kwa kufuata upepo ili mvuke utoke bila mvua kuingia. Mabani yamebaki kila kijiji. Hopsi zenyewe unaweza kusafiri nusu siku usizione.

Mwaka 1878 Uingereza ilikuwa na takriban ekari 72,000 za hopsi, na karibu theluthi mbili zilikuwa Kent. Zilizobaki ziligawanyika kati ya Sussex, Surrey, Hampshire na, upande wa magharibi, Worcestershire na Herefordshire. Leo nchi nzima haifikishi ekari 2,500.

Ukiuliza sababu, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mkulima atakuambia ni Soko la Pamoja la Ulaya lililovunja bodi yao ya kuuzia hopsi. Wa kiwandani atasema wanywaji walihamia kwenye lager. Mtaalamu wa mimea atataja ugonjwa wa mnyauko. Wapo wanaolaumu mashine, na wapo wanaowalaumu Wajerumani na Wamarekani. Wote wana ukweli, ila kila mmoja anasimulia miaka yake tu. Ukizipanga sababu hizo kwa tarehe, unagundua kwamba sehemu kubwa ya ekari zilipotea kabla lager, mnyauko au Soko la Ulaya havijawa na uzito wowote. Na anguko la pili, lililochukua kile kilichosalia, lilikuwa na kiini kimoja ambacho hakisemwi vya kutosha: mnunuzi aliacha kununua ua, akaanza kununua uchungu uliomo ndani ya ua.

Ua lenyewe

Hopsi ni mmea unaotambaa. Kila majira ya baridi hufa wote juu ya ardhi, ukabaki mzizi. Ikifika Aprili huchipua upya, na kufikia Julai umeshapanda kamba hadi mita tano na zaidi. Shamba la hopsi kwa hiyo si udongo na mbegu tu. Linahitaji nguzo ndefu, nyaya juu ya nguzo, na maelfu ya kamba zinazofungwa upya kila mwaka. Kent walitumia kamba za makumbi ya nazi zilizoletwa kwa meli kutoka Bahari ya Hindi, na waliozifunga walitembea juu ya ngongoti katikati ya mistari ili wazifikie nyaya. Nguzo zilitoka kwenye misitu ya karibu iliyokatwa kwa zamu na kuachwa ichipue tena. Mkulima akiacha hopsi, mwenye msitu naye anakosa mteja.

Kuna mmea dume na mmea jike, na kinachovunwa ni maua ya jike: ya kijani hafifu, yenye magamba laini yaliyopangana. Ukilichana ua moja kwa vidole utakuta chini ya magamba unga wa manjano unaonata, na harufu yake haitoki mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Unga huo ndio bidhaa. Una mafuta yanayoipa bia harufu, na una utomvu wenye asidi za alfa, ambazo zikichemshwa hutoa uchungu.

Uchungu unahitajika kwa sababu kimea cha shayiri ni kitamu mno kikiachwa peke yake. Wachaga wanaopika mbege wanalijua tatizo hilo. Wao hutumia gome la msesewe kuukata utamu wa ndizi. Huko Ulaya kazi hiyo ilifanywa na hopsi, zikiwa na faida ya ziada kwamba huzuia bakteria, hivyo bia haichachi haraka. Enzi ambazo hakukuwa na majokofu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ladha.

Msomaji wa Moshi au Nairobi anaweza kujiuliza kwa nini zao hili halikushika mizizi kwetu, ilhali bia tunazo na shayiri tunalima. Jibu liko kwenye jua. Hopsi zinataka siku ndefu za kiangazi, saa 15 na zaidi za mwanga, zikue kwanza kisha zichanue. Karibu na ikweta siku ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea huchanua ungali mfupi na mavuno hayalipi. Ndiyo maana viwanda vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka ng'ambo. Afrika Kusini wanalima, upande wa George kwenye pwani ya kusini, lakini ilibidi kwanza wawashe taa za umeme mashambani usiku kuudanganya mmea, hadi watafiti wao walipopata aina zinazovumilia siku fupi.

Anguko la kwanza, ambalo halikumbukwi

Hopsi ziliingia Uingereza kutoka Flanders, na kilimo chake kilianza Kent mwanzoni mwa karne ya 16. Kuanzia 1711 serikali ilitoza ushuru kwa kila ratili iliyovunwa. Ushuru huo ulichukiwa sana, kwa kuwa ulitegemea mavuno, na mavuno ya hopsi hayatabiriki: mwaka mmoja wadudu mafuta wanamaliza kila kitu, mwaka unaofuata maghala yanafurika na bei inaanguka. Ulipofutwa mwaka 1862 wakulima walipanda kwa kasi, na miaka 16 baadaye ndipo zilipofikiwa zile ekari 72,000.

Kilichofuata kinafanana na yaliyoyakuta mazao mengi ya biashara. Bei nzuri ilivuta watu wengi, na meli za mvuke zikaleta hopsi za Marekani na za bara la Ulaya zilizolimwa kwa gharama ndogo. Wakati huohuo viwanda vya bia vilianza kutumia hopsi kidogo kwa kila pipa. Bia zilikuwa zinapungua nguvu, zinanyweka zikiwa bado changa, na mitambo ya kupoozea iliondoa haja ya kutia hopsi nyingi ili bia isiharibike. Kila hatua ya ustadi kiwandani ilipunguza kazi ya ua.

Mei 1908 wakulima, vibarua na wafanyabiashara wa hopsi walifurika London wakakusanyika Trafalgar Square kudai ushuru wa shilingi 40 kwa kila ratili 112 za hopsi za kigeni. Serikali iliyokuwepo iliamini soko huria, na ushuru huo haukuja. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakulima wakaamriwa kupunguza hopsi ili ardhi itoe chakula. Mwaka 1918 zilibaki ekari zisizofika 16,000.

Ekari 56,000 hivi zilikuwa zimekwenda ndani ya miaka 40, yaani takriban asilimia 80 ya anguko zima kuanzia kilele hadi leo. Ni haki kuongeza kwamba mavuno kwa ekari yalikuwa yanapanda, kwa hiyo tani hazikupungua kwa kiwango hicho. Hata hivyo, anayesema kilimo hiki kiliuawa na lager au na Soko la Ulaya anaanza hadithi kwenye sura yake ya mwisho.

Bodi

Baada ya vita ekari zilipanda kidogo, bei zikaanguka tena mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1932 wakulima wakapata kile ambacho baba zao walikililia: Bodi ya Masoko ya Hopsi, iliyoundwa chini ya sheria ya masoko ya kilimo ya 1931. Kila mkulima aliuza kupitia bodi. Muda mfupi baadaye ukaja mgao: kila shamba lilipewa kiasi chake, na asiye na mgao hakuwa na njia ya kuingia ila kuununua kwa mwenye nao. Bei ilipangwa kwa mazungumzo kati ya wakulima na wenye viwanda, kwa kuangalia gharama za uzalishaji.

Kwa maoni yangu bodi hiyo inastahili heshima zaidi ya ile inayopewa na wanauchumi. Kwa miongo kadhaa ekari zilitulia kwenye 20,000 hivi. Familia zilizokuwa zinafilisika kila baada ya mavuno mazuri zilipata bei ya kutegemea, zikakarabati mabani, zikasomesha watoto. Mkulima wa Afrika Mashariki aliyekaa miezi akisubiri malipo ya zao lake ataelewa thamani ya bodi inayolipa.

Kasoro yake ilijificha kwenye namna ya kupima ubora. Mthamini alichukua konzi ya hopsi kutoka kwenye gunia, akaisugua viganjani, akainusa, akatazama rangi na ukavu, kisha akaipa daraja. Ulikuwa ujuzi wa kweli, uliorithiwa. Ila kiganja hakiwezi kusoma asilimia ya asidi za alfa, na maadamu soko la ndani lilikuwa limefungwa na bei imepangwa, hakuna aliyelazimika kuisoma.

Septemba ya vibarua

Wakati huo kilimo cha hopsi kilikuwa pia jambo la watu wa mjini, na hapa kuna sehemu ya historia ambayo takwimu za ekari haziwezi kuibeba.

Maua hayangoji. Yakikomaa una wiki tatu au nne, na yote yalichumwa kwa mkono. Kent haikuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo kila mwaka, mwisho wa Agosti, mashariki na kusini mwa London palihama. Watu zaidi ya laki moja waliingia mashambani katika miaka ya kilele: akina mama wa Bermondsey, Poplar na Stepney, bibi zao, watoto wao, magodoro na masufuria, wakisafiri kwa treni za bei nafuu zilizotengwa kwa ajili yao. Kina baba walifuata mwisho wa juma. Walikuwepo pia Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya, na Waairishi waliozunguka na misimu. Walilala kwenye vibanda vya shamba juu ya majani makavu na kupika nje kwa kuni. Watoto walikosa wiki za kwanza za shule, na walimu wa London walijua kabisa wapi walipo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mmea ulikatwa, ukavutwa chini na kamba yake, ukalazwa juu ya susu la gunia lililotandikwa kwenye fremu ya mbao. Familia ilizunguka susu hilo na kuchuma, vidole vikigeuka vyeusi kwa utomvu. Mara kadhaa kwa siku mpimaji alipita na kikapu cha lita 36 hivi, akachota kutoka kwenye susu na kuhesabu kwa sauti, na karani akaandika kwenye daftari. Ugomvi wote ulikuwa kwenye kile kikapu. Hopsi ni nyepesi na hushindilika. Mpimaji akizikandamiza, kazi ya asubuhi nzima inapungua mbele ya macho yako. Migomo mingi ya mashambani ilianzia hapo, na wanawake ndio walioiongoza.

Maisha hayo yalikuwa na hatari zake. Oktoba 1853, gari la farasi lililojaa wachumaji liligonga ukingo wa daraja la mbao la Hartlake, karibu na Tonbridge, mto Medway ukiwa umefurika. Walikufa watu 30. Kumbukumbu yao ipo kwenye kanisa la Hadlow.

Kutoka kwenye susu, maua yalipelekwa kwenye bani yakiwa na maji asilimia 80 hivi, yakamwagwa juu ya sakafu ya fito iliyotandikwa kitambaa cha manyoya ya farasi, moto ukiwa chini. Mkaushaji alilala hapohapo wiki nzima. Akizima moto mapema, hopsi zinaoza ndani ya gunia. Akichelewa, yale mafuta yenye harufu yanapaa yote. Yakishafika unyevu wa asilimia 10, yalishindiliwa kwenye gunia refu lililoning'inizwa katika tundu la sakafu. Zamani mtu aliingia ndani ya gunia lenyewe akayakanyaga kwa miguu.

Mashine za kuchuma zilianza kuonekana miaka ya 1930, zikaenea miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 treni za wachumaji zilikuwa zimekwisha. Je, mashine zilipunguza hopsi? Si moja kwa moja. Zilichofanya ni kupandisha ukubwa wa shamba linaloweza kujilipa. Mwenye ekari tano au sita hakuweza kununua mtambo unaojaza ghala zima, na akina mama wa Poplar, waliokuwa wameanza kupata likizo za kulipwa na ajira viwandani, hawakuwa wanarudi. Aliuza mgao wake kwa jirani mwenye mtambo. Ekari hazikupotea siku hiyo, lakini idadi ya watu ambao riziki yao ilisimama juu ya hopsi ilishuka, na zao lenye wakulima wachache lina watetezi wachache.

Mnyauko

Mwaka 1924 ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na kuvu aina ya Verticillium ulionekana kwa mara ya kwanza kwenye hopsi za Kent, na miaka michache baadaye ikajitokeza aina kali inayoua mmea mzima. Kuvu huyo hukaa ardhini miaka mingi. Anasafiri kwa udongo ulionata kwenye buti, kwa jembe, na kwa masalia ya mimea yanayorudishwa shambani. Dawa hakuna. Njia ilikuwa kung'oa, kuchoma na kuacha ardhi.

Uchungu zaidi ni kwamba aina iliyopendwa kuliko zote, Fuggle, haina kinga kabisa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 robo tatu hivi ya hopsi zote za Uingereza zilikuwa Fuggle. Viwanda viliizoea, wakulima waliijua tabia yake, mgao ulisimama juu yake. Nchi ilikuwa imeweka mayai yake karibu yote kwenye aina moja, na aina hiyo ilikuwa inakufa shamba baada ya shamba.

Kilomita chache kutoka kwenye mashamba hayo palikuwa na watu waliokuwa wakitafuta jibu. Chuo cha kilimo cha Wye kilikuwa kikizalisha aina mpya za hopsi tangu 1906, kazi iliyoanzishwa na Ernest Salmon. Mwaka 1916 Salmon aliletewa kipandikizi cha hopsi mwitu kutoka Manitoba, Kanada. Alikipanda, akavuna mbegu zake, akachagua miche, na mwaka 1934 akatoa Brewer's Gold, hopsi yenye uchungu mwingi kuliko chochote kilicholimwa Kent. Wapika bia wa Uingereza hawakuipenda. Walisema ina harufu ya Kimarekani. Nchi nyingine ziliichukua, zikaizalisha na aina zao, na damu ya mmea ule wa Manitoba leo inatiririka katika sehemu kubwa ya hopsi chungu zinazolimwa Marekani na Ujerumani.

Napenda msomaji akae hapa kidogo. Silaha iliyokuja kuwashinda wakulima wa Kent ilitengenezwa Kent.

Hesabu ya alfa

Miaka ya 1960 na 1970 maabara za viwanda vya bia ziliweza kupima asidi za alfa kwa urahisi, na mikataba ikaanza kuandikwa kwa kilo za alfa. Kuanzia hapo thamani ya shamba ikawa namba.

Tuseme hekta moja inatoa kilo 1,500 za Fuggle yenye alfa asilimia 4. Umepata kilo 60 za alfa. Hekta ya jirani inatoa kilo zilezile za aina mpya yenye asilimia 12: kilo 180. Uchungu wa nchi nzima sasa unaweza kutoka kwenye theluthi moja ya ardhi, kwa theluthi moja ya nguzo, nyaya, kamba na dizeli ya kukaushia. Na mwenye Fuggle hawezi kujitetea kwa kufanya kazi zaidi. Anaweza kulima vizuri kuliko jirani yake na bado akashindwa.

Wye walitoa Target mwaka 1972, aina yenye alfa nyingi na inayostahimili mnyauko, na wakulima wengi wa Kent waliipanda. Ilikuwa kazi nzuri ya kisayansi. Ilisaidia waliobaki, na papo hapo ikapunguza ekari zinazohitajika.

Mambo mengine matatu yalikuja pamoja, na kila moja lilizidisha lililotangulia. Viwanda viliacha maua mazima vikahamia kwenye vidonge vya hopsi zilizosagwa, kisha kwenye dondoo iliyokamuliwa kwa gesi ya kabonidioksidi, ambayo upotevu wake ni mdogo na inakaa ghalani muda mrefu. Wanywaji nao wakahama: mwaka 1960 lager ilikuwa asilimia 1 hivi ya bia iliyonywewa Uingereza, na mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa nusu. Lager zilizouzwa zilikuwa na uchungu mdogo kuliko zile bia za kienyeji za Uingereza zilizotiwa Fuggle na aina nyingine ya hopsi, Goldings.

Jambo la tatu ni la mbegu, na ni la kusikitisha kwa namna yake. Kent walikuwa na desturi ya kupanda mmea dume mmoja kwa kila mimea jike mia mbili hivi. Ua lililochavushwa hutunga mbegu, linanenepa, na linapouzwa kwa uzito lina faida. Ujerumani mmea dume hung'olewa kwa amri, kwa sababu wapika lager wanaamini mbegu huharibu ladha. Ndani ya soko lililofungwa, tofauti hiyo haikumdhuru mtu. Uingereza ilipoingia Soko la Pamoja la Ulaya mwaka 1973, hopsi zenye mbegu zikawa hazina mteja ng'ambo ya maji, huku zile za Bavaria zikivuka bila kizuizi. Sheria za ushindani za Ulaya hazikuruhusu bodi kuwa mnunuzi pekee, na mwaka 1982 Bunge la Uingereza likaivunja.

Kwa hiyo wanaosema Ulaya iliua hopsi wanakumbuka siku ukuta ulipoanguka. Wanachosahau ni kwamba kwa miaka 50 ukuta ule uliwazuia wasione kipimo kimebadilika. Siwalaumu. Mkulima hupanda kile anacholipwa kwacho, na mhopsi ukiupanda unakaa miaka 15 au 20 kabla ya kung'olewa. Kubadilisha aina ni kukubali msimu mzima bila mavuno ya maana, kwa ajili ya bei ambayo huna hakika nayo.

Wakulima wa pareto wa Nakuru na Nyandarua wameipita njia hiyohiyo. Nao walilipwa kwa asilimia ya sumu iliyomo ndani ya ua, nao walichuma kwa mkono, na Kenya iliwahi kutoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia. Kisha wakaja Watasmania na mashine za kuvunia na aina zilizochaguliwa kwa kiwango cha sumu. Tofauti ni kwamba wenzetu walipata pigo la pili ambalo Kent haikulipata: malipo yaliyochelewa hadi watu wakang'oa mimea kwa hasira.

Waliobaki

Leo Marekani na Ujerumani zinalima zaidi ya nusu ya hopsi zote duniani, moja kwenye bonde la Yakima jimboni Washington, nyingine hasa Hallertau huko Bavaria. Yakima ni nchi kavu inayomwagiliwa kwa mito ya mlimani. Ubwiri vinyoya, ugonjwa unaopenda unyevu na unaolazimisha mkulima wa Kent kupiga dawa kila mvua inaponyesha, huko si tishio la kila siku. Mashamba ni makubwa na mtambo mmoja unafanya kazi mchana na usiku.

Wimbi la viwanda vidogo vya bia lilileta matumaini, maana wateja hao walirudi kutafuta harufu. Lakini walitaka harufu ya Marekani: balungi, embe, utomvu wa msonobari. Hopsi za Uingereza zina harufu tulivu, ya udongo na maua, inayokwenda na hali yake ya hewa ya ubaridi. Hata Cascade, aina iliyowasha moto wa bia hizo tangu miaka ya 1970, ina Fuggle katika ukoo wake. Waingereza wamejibu kwa aina kama Jester, iliyotoka mwaka 2013 na yenye harufu ya matunda, na kabla yake First Gold ya mwaka 1995, mhopsi mfupi unaolimwa kwenye uzio wa mita mbili na nusu tu na kuokoa gharama za nguzo na kamba.

Ushindi wa Wamarekani nao hauna utulivu. Mwaka 2021 walikuwa na zaidi ya ekari 60,000. Kufikia 2024 walikuwa wameng'oa hadi takriban 45,000, kwa sababu viwanda vilikuwa na maghala yaliyojaa hopsi za mikataba ya zamani. Ziada hiyo inauzwa popote, Uingereza ikiwemo, kwa bei ambayo mwenye ekari 30 Herefordshire hawezi kuikaribia. Ardhi ya Kent ina wateja wengine: wenye matofaa, wenye zabibu za mvinyo, wenye kujenga nyumba.

Kazi ya uzalishaji wa aina mpya pale Wye ilipoteza makao yake mwaka 2007, chuo kilipokuwa kinafungwa baada ya kumezwa na Imperial College. Haikufa, kwa sababu chama cha wakulima wa hopsi kiliibeba na kuihamishia kwenye shamba karibu na Canterbury. Aina moja inachukua miaka kumi au zaidi kutoka mche hadi gunia la kwanza la kuuzwa, na gharama za miaka hiyo zinatoka mifukoni mwa haohao wakulima waliobaki. Kila anayeng'oa mihopsi yake anaondoka pia na mchango wake katika aina ambayo jirani yake atahitaji kuipanda miaka kumi ijayo.